Nilivyomwozesha Dorun kwa Mdomo Wangu Mwenyewe

Jamani, haya ninayoyasimulia kuna watu wa Moshono wakiyasikia watacheka upya, kwa sababu walikuwepo ukumbini na waliniona nimeshika kipaza sauti, na mpaka leo wapo wanaopishana na mimi barabarani na kuniuliza, "Dada Naomi, mpishi hajambo?" Nainamisha kichwa napita. Aibu ile niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila mbele ya wakwe za watu.

Mimi nina saluni Elerai, ndogo tu, ina televisheni ukutani. Kusuka najua, sijisifu, lakini ukweli ni kwamba wateja wangu wengi hawakuwa wakifuata nywele, walikuwa wakifuata tafsiri. Kabla sijafungua saluni niliwahi kufanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, Kiingereza kikanikaa, kwa hiyo tukiweka zile tamthilia ndefu za kigeni zenye maandishi ya Kiingereza chini, mimi nasuka huku nasoma na kuyageuza Kiswahili kwa sauti, tena kwa mbwembwe: mfalme namfanyia sauti nzito, mchawi namkoromea, wapenzi nawanong'onezea. (Kuna mama alisuka mtindo wa twende kilioni, akafumua, akasuka tena, akafumua tena, ndani ya wiki moja, ili tu asipitwe.)

Tamthilia iliyoniponza inahusu Ufalme wa Ukungu. Ina majoka yanayotema moto, ina milima inayohama, ina bibi mmoja anayekaa pangoni na kuwabadilisha watu sura. Lakini majoka yalikuwa ya kupitisha muda tu. Sisi tulikuwa tunaangalia jambo moja: binti mfalme, Yalune, ataolewa na nani? Kulikuwa na Dorun, mlinzi wake, mtu mkimya, aliyembeba mgongoni mji ulipoungua, aliyepigwa mishale kwa ajili yake, na ambaye hakuwahi kumwambia nakupenda hata siku moja. Na kulikuwa na Haskar, mwana wa mfalme wa Barafu, ambaye ndiye aliyeuchoma huo mji na ndiye aliyemuua baba yake Yalune kwa mkono wake, halafu misimu iliyofuata akaanza kumtazama kwa jicho la huba. Mzuri wa sura, hilo sikatai. Saluni nzima tulikuwa wa Dorun, isipokuwa Mama Glory wa duka la mkaa, yeye alikuwa wa Haskar, na ukimuuliza kwa nini anakujibu neno moja tu: "Mabega."

Sasa chumba cha pili kutoka kwangu, ukuta wa mbao tu unatutenganisha, kulikuwa na fundi cherehani anaitwa Anande. Binti mpole, baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na shangazi yake. Nilikuwa najua Dorun ametokea kwenye televisheni hata kabla sijainua macho, kwa sababu cherehani ya upande wa pili ilikuwa inanyamaza. Anande alikuwa na watu wawili waliomtaka. Mmoja ni mfanyabiashara wa mjini mwenye magari, ambaye shangazi mtu alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe. Mwingine ni Elibariki wa Tengeru, bwana mifugo, kijana wa maneno machache, anayeweza kukaa na wewe kutwa nzima akakuambia tu kwamba ng'ombe wa fulani amezaa. Anande alimchagua Elibariki, mahari ikatoka, tarehe ikapangwa, lakini bado alikuwa na wasiwasi wake, kila mara anapita kwangu kunyoosha mgongo na kusema, "Dada, hivi nimechagua sawa kweli?" Kisha anajijibu mwenyewe. "Eli ni Dorun wangu. Hana ikulu, lakini yupo."

Basi ikafika siku ya sehemu ya mwisho.

Kawaida yangu ni kuangalia kwanza nyumbani peke yangu ndipo niwatafsirie watu, ili nisikwame. Siku hiyo jamaa anayenijazia tamthilia kwenye flashi alichelewa kuniletea, na nilipofika nayo saluni nilikuta watu wamejaa mpaka kizingitini, wengine wamebeba watoto, na wote wananitazama mikono. Nikasema potelea mbali, tutaona wote kwa pamoja. Tena nikaongeza na majigambo yangu: "Leo Dorun anamchukua mtu wake, asipomchukua hii saluni nafunga!"

Harusi ikaanza. Yalune anatembea na gauni la kijani lenye nyuzi za rangi ya fedha, ukungu unafunguka kama pazia, kengele zinalia, picha inampanda bwana harusi taratibu kuanzia kwenye viatu, inapita kwenye koti jeusi lenye manyoya shingoni, mimi sauti ya Dorun nimeshaiweka tayari kooni, tunafika usoni. Haskar.

Kitana kilinidondoka.

"Ewaa!" Mama Glory akapiga paja. Mlangoni alikuwa amesimama Anande, utepe wa kupimia uko shingoni, kiganja kiko mdomoni.

"Anaolewa na aliyemuua baba yake?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Kwa hiyo yule aliyemngoja miaka yote, amekosa?"

Nikamwangalia, nikaona kabisa kwamba swali lile halikuwa la Yalune. Na pembeni yangu wateja wote wananisubiri, mimi niliyeapa kufunga saluni. Ulimi ukanitangulia.

"Tulieni!" nikasema. "Huyo siyo Haskar. Huyo ni Dorun! Yule bibi wa pangoni kambadilisha sura ili aweze kupita kwa walinzi wa ikulu. Mwenyewe Yalune anajua. Hamumuoni anavyotabasamu?"

Mngekuwepo mkasikia vigelegele! Mama Glory aliinuka nusu ya kichwa imesukwa nusu imesimama, analalamika kwamba ameonewa, watu wanakumbatiana, na Anande analia huku anacheka, anajifuta kwa utepe wa kupimia. Nami nikajisikia vizuri, nisiwafiche. Raha ile ilidumu muda wa kupika chai tu.

Kwa sababu tamthilia haikuishia hapo. Mara tunamuona Dorun mwenyewe, Dorun halisi, juu ya farasi, mvua inamnyeshea, anaondoka mjini peke yake. "Haya, huyo sasa ndiye Haskar," nikasema, jasho limeanza, "kapewa sura ya Dorun, kafukuzwa." Anafika kwenye kibanda cha njiani, anaingia, anakutana na mpishi. Dada mmoja hivi ambaye hatujawahi kumuona katika misimu yote. Wanatazamana, anapewa bakuli, wanashikana mikono, muziki, mwisho. (Mpishi! Mishale yote ile, mji kuungua, kubebana mgongoni, halafu mtu anagawiwa mpishi aliyetokea dakika ya mwisho kama aliyekuja kuulizia njia!) Nilitaka kupiga kelele. Nadhani humo ndani mimi ndiye niliyekuwa nimeumia kuliko wote, na mimi ndiye niliyetakiwa kucheka. "Mnaona," nikasema, "Haskar adhabu yake ni kukaa jikoni."

Nilirudi nyumbani chakula hakipiti. Hasira ya mpishi iko upande huu, hofu ya uongo iko upande ule, na hakuna wa kumwambia. Nikajifariji kwamba ni tamthilia tu, watu watasahau, wiki ijayo tutaanza nyingine.

Hawakusahau. Siku chache baadaye Anande aliingia saluni na karatasi amechora gauni. La kijani, nyuzi za fedha.

"Dada, sendofu yangu itakuwa ya Yalune na Dorun," akasema. "Mimi nitavaa hivi. Eli namshonea lile koti jeusi la manyoya. Watu watamuona kama Haskar, kumbe ndani ni Dorun. Si ndiyo uzuri wenyewe?"

Nikamrudishia karatasi. "Koti la manyoya, Anande? Joto hili la Februari?"

"Atavumilia. Na kabla sijaenda kumtafuta kwenye meza za wageni, tutaonyesha ile harusi kwenye skrini kubwa, na wewe utatafsiri kwa kipaza sauti, kama siku ile. Nimeshaiambia kamati."

Mnajua sendofu zetu. Upande wa binti unaandaa sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, upande wa kijana unaalikwa, wanakuja na wazee wao, na kuna wakati binti anapita katikati ya watu kumtafuta mchumba wake, akimpata anamleta mbele anamtambulisha. Yaani mahali pale hapana utani. Nikajaribu kumwambia tuweke kwaya, nikamwambia wazee hawapendi majoka, nikamwambia umeme wa Moshono siku hizi hauaminiki. Kila nikifunga mlango huu anafungua ule. Kamati ina jenereta. Majoka yatarukwa. Kwaya itaimba baadaye.

Nikaanza kukosa usingizi. Nikaona dawa ni kumfuata Elibariki nimweleze ukweli kimya kimya, yeye ni mtu mzima, atajua namna ya kumwambia mwenzake. Siku ya soko nikaenda Tengeru, nikajifanya nimefuata ndizi, kisha nikapanda kwao. Nikamkuta baba yake, Mzee Nnko, amekaa nje anasafisha redio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule msemaji wa sinema?" Akaniangalia kwa furaha kweli. "Anande katuambia. Macho yangu haya hayaoni maandishi tena. Siku hiyo nitategemea mdomo wako."

Kabla sijameza mate, Elibariki akatoka ndani amevaa koti. Lilikuwa limempendeza, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Nikamvuta pembeni, kwenye migomba. Nikamwambia, "Eli, kuhusu hii tamthilia, kuna kitu..."

"Dada Naomi, mimi tamthilia siijui," akanikatiza, na kwa Elibariki ile ilikuwa hotuba. "Sijaangalia hata siku moja. Lakini tangu siku ile uliyowaonyesha, Anande ametulia. Zamani kila tukikaa ananiuliza, una uhakika? Tuna uhakika? Sasa hivi haulizi. Sijui ulimwambia nini. Ahsante sana."

Ningesema nini mbele ya ahsante ile? Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji nikarudi Elerai.

Basi nikapanga mpango mwingine, wa kitoto. Nikamwomba yule jamaa anayenijazia flashi anitafutie kipande cha harusi kisichokuwa na maandishi kabisa. Picha tupu. Nani ukumbini atajua wanasema nini kwa lugha ile? Nitasema nitakavyo, tutapiga makofi, tutakula mbuzi wa ndafu, tutaondoka. Nikampa MC ile flashi mapema, nikamsisitiza, "Tumia hii, hii tu."

Asubuhi ya sendofu nilimsuka Anande mimi mwenyewe. Fikirini hilo. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu asubuhi nzima, tuko wawili tu, ananisimulia jinsi atakavyotembea, na mimi kila nikimaliza msuko mmoja najiambia, huu ukiisha nasema. Nikamaliza kichwa. Akajitazama kwenye kioo, akanishika mkono, akasema, "Dada, leo siogopi kitu." Nikamwambia umependeza.

Ukumbi ulijaa. Upande huu ndugu wa Anande na sare zao za rangi ya maziwa, shangazi mtu mbele kabisa uso umekaza (bado alikuwa anawaza magari). Upande ule watu wa Tengeru, wazee wamevaa makoti, Mzee Nnko amepewa kiti karibu na spika ili asikie vizuri. Elibariki kati ya vijana wenzake, amechemka ndani ya manyoya kama chungu. Nikasogea kwa jamaa wa projekta kuhakikisha, na nikamkuta anapuliza flashi yangu.

"Hii imegoma dada. Ina virusi."

"Basi tuache," nikasema haraka mno. "Tuweke muziki tu."

"Usiwe na wasiwasi, hiyo sendofu haiwezi kuharibika mkononi mwangu. Ninayo mwenyewe kwenye kompyuta, tena safi, yenye maandishi ya Kiswahili."

Nikamkimbilia MC, nikamwambia tufute kile kipengele, nimekaukiwa sauti. Akanipa maji. Nikamwambia tumbo linaniuma. Akacheka akanipa kipaza sauti. "Dada Naomi, watu wote wamekuja kwa ajili ya hiki, unataka nipigwe?" Na taa zikazimwa.

Ukungu ukafunguka skrini nzima. Kengele. Gauni la kijani, watu wakapiga vigelegele wakimtazama Anande aliyesimama pembeni na gauni lake lile lile. Koti jeusi, vigelegele tena, Elibariki akainamisha kichwa. Uso. Na chini ya uso, kwa herufi nyeupe kubwa kama za kwenye bango la barabarani: *Mimi Haskar, mwana wa Barafu, nasimama mbele yako.*

"Mimi Dorun," nikasema kwenye kipaza sauti, "niliyejificha ndani ya sura ya adui..."

Minong'ono ikaanza meza za nyuma. Herufi zikabadilika: *Niliuchoma mji wako. Baba yako alikufa kwa mkono wangu. Na leo unanipa mkono wako.*

"Nilikulinda," nikaendelea, sauti imeanza kupanda bila ruhusa yangu, "tangu utotoni... nilikubeba mgongoni..."

"Dada Naomi," MC akasema taratibu kwenye kipaza sauti chake, na ukumbi mzima ukasikia, "samahani kidogo. Hapa tunasoma vingine."

Mzee Nnko akamgeukia wa jirani yake. Mtu aliyekaa karibu na spika haongei kwa siri. "Imeandikwaje?" Yule jirani akamsomea, neno kwa neno. Mzee akasimama. "Nani kamuua baba wa nani? Huyu binti hana baba, na ninyi mnaandika maneno kama haya? Na nguo ya muuaji mmemvika mwanangu?"

Shangazi mtu akashika kichwa kwa mikono miwili. Watu wa Tengeru wakaanza kutazamana. Jamaa wa projekta, badala ya kuzima, akababaika akaruka mbele, na skrini ikajaa Dorun aliyelowa mvua, amekaa kibandani. *Nimechoka kungoja,* yakasema maandishi. *Una uji?* Na mpishi, kwa tabasamu: *Uji upo. Karibu.*

Ukumbi ulipasuka. Kicheko kilianzia kwa vijana kikaenda mpaka kwa wapiga picha, na juu ya kicheko chote niliisikia sauti ya Mama Glory, "Nilisema mimi! Nilisema!" Mimi nimesimama katikati ya mwanga wa projekta, nywele za mpishi zinapita usoni kwangu.

Anande alitembea mpaka nilipo. Akachukua kipaza sauti cha MC, na watu wakanyamaza kidogo kidogo, kwa sababu hakuwa anacheka.

"Dada," akasema. "Dorun yuko wapi?"

"Ndiye huyo," nikajibu. "Anayekunywa uji."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Nilimuona anatazama meza za wageni kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikafikiria, hapa ndipo nimeivunja harusi ya mtu. Shangazi alishaanza kuinuka. Nikaanza kumwomba Mungu umeme ukatike, jenereta ife, lolote.

Kwenye meza za Tengeru mtu akasimama. Elibariki. Alikuwa anapambana na vifungo, vikamshinda, kimoja kikaruka, akalivua koti akaliweka juu ya kiti, na shati lake lilikuwa limelowa lote kama lililotoka kufuliwa.

"Anande," akasema, bila kipaza sauti, na ilibidi watu watulie ndipo asikike. "Mimi hao wote siwafahamu. Uliniambia nivae, nikavaa. Naungua." Akapangusa uso. "Kama kuna mtu ulikuwa unamtafuta humu ndani, mimi nipo hapa."

Anande akaanza kutembea. Hakutembea kama Yalune, alikuwa ameshika gauni juu ili asijikwae, na alipofika kwenye ile meza alimshika mkono wa shati lililolowa akamvuta mbele, na MC, Mungu ambariki, akapiga muziki kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Vigelegele vikarudi. Mzee Nnko alikuwa bado anamuuliza jirani yake, "Kwa hiyo hakuna aliyeuawa?"

Mimi nilitokea mlango wa nyuma. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na masufuria ya loshoro, kile chakula chetu cha mahindi na maziwa, mpaka shughuli ikaisha, na wale mama wa jikoni, ambao habari ilishawafikia kabla yangu, hawakuniuliza kitu ila walinipakulia.

Harusi ilifungwa kanisani wiki iliyofuata. Nilihudhuria, nikakaa benchi la mwisho. Baada ya hapo chumba cha pili kikawa kimya, kisha cherehani ikarudi kulia, lakini Anande akawa anapita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo. Saluni nayo ilibadilika. Nikitafsiri, mtu ananikatiza katikati: "Hiyo ni ya kwao au ya kwako?" Na nilistahili. Kilichoniuma zaidi ni ule ukuta wa mbao, maana hata Dorun angetokea, cherehani ya upande wa pili isingenyamaza tena.

Mpaka mchana mmoja Anande aliingia. Akavuta kiti, akakaa. "Weka," akasema.

"Niweke nini?"

"Sehemu ya mwisho. Yote. Usiongeze, usipunguze."

Nikaweka. Mama Glory alikuwepo, na wateja wengine wawili watatu. Nikatafsiri kila neno, Haskar kwa sauti ya Haskar, na kile kiapo chake cha kukiri kumuua baba mtu nilikisoma mpaka herufi ya mwisho. Anande aliangalia bila kupepesa. Dorun akapanda farasi. Mvua. Kibanda. Na mpishi alipoleta bakuli, Anande alisimama wima.

"Mpishi!" akapiga kelele. "Huyu katokea wapi? Aliwahi kumbeba nani mgongoni, huyu?"

"Hata jina hana!" nikapiga kelele na mimi. Jamani, nilikuwa nimeibana kelele ile kifuani kwa muda gani!

Tulilalamika mchana kutwa. Tuliwatukana walioandika, tukapanga upya nani angestahili nani, Mama Glory akatetea mabega mpaka akachoka, nywele za mteja mmoja zikakauka dawa kichwani tukamwosha kwa kukimbizana. Anande alilia kidogo, akacheka kidogo. Alipoinuka kuondoka alisimama karibu na mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Hii hasira ilikuwa yangu, dada. Ungeniachia siku ile ile, nikalia na wenzangu hapa, nikamaliza. Eli ningeolewa naye tu. Uliniona siwezi kubeba hata tamthilia?"

Niliomba tu msamaha, akaitikia kwa kichwa, akarudi kushona.

Basi ndugu zangu, nimejiapiza: mwisho ukiwa mbaya nitautafsiri na ubaya wake wote, watu walie, wagombane, wavunje vitana, mimi sitamwoza mtu tena. Sasa hivi tuko kwenye tamthilia nyingine, ya mabaharia wa angani, msimu wa pili, na saluni yote imeshampenda nahodha mmoja mpole mwenye kovu. Nimeangalia mbele kidogo nyumbani. Dalili siyo nzuri, wapendwa. Na jana Anande ameniuliza kupitia ukutani, "Dada, nahodha atapata mtu wake?" Nikang'ata ulimi mpaka nikasikia chumvi, nikamjibu, "Tutaona wote."